Mchanga wa Shela ndio kisima cha Lamu

Mara mbili kwa mwaka watu wa Shela hupanda mashua wakavuka kwenda ng'ambo ya Manda, kwenye magofu ya Takwa. Ni safari ya kungojea maji yajae, kwa sababu mlango wa kuingilia huko hupita katikati ya mikoko, na bahari ikipwa chombo hukwama topeni. Wakifika hukusanyika kwenye kaburi lenye nguzo, kaburi la karne ya 17, wakasoma na kuomba dua. Na katika wanayoyaomba siku hiyo, kubwa ni mvua.

Wako ndugu zetu wasioridhika na dua za makaburini, na mjadala huo ni wa masheikh. Mimi siutii mkono. Kinachonishughulisha ni swali jingine. Katika pahala pote pa kuombea mvua, kwa nini watu wa Shela waende Takwa?

Takwa ulikuwa mji kamili. Ulikuwa na nyumba za mawe, ukuta wa kuuzunguka, na msikiti wenye nguzo juu ya kibla yake. Watu waliishi hapo tangu kiasi cha mwaka 1500 hadi karibu na 1700, kisha wakauhama, na mji ukaachiwa mibuyu. Sababu zinazotajwa ni mbili. Moja ni ugomvi na watu wa Pate. Ya pili ni kwamba maji ya visima yaligeuka chumvi, yasinyweke tena. Huenda zote mbili zilifanya kazi pamoja, maana mji wenye maji huweza kustahimili vita, na mji wenye amani huweza kutafuta maji mbali, lakini mji uliokosa vyote viwili haukai. Waliohama, kwa mapokeo ya Washela wenyewe, walivuka mkono ule wa bahari wakajenga Shela.

Basi tazama, msomaji, walikuja kukaa wapi. Walikuja kukaa chini ya vilima vya mchanga. Mtu aliyekimbia chumvi alichagua penye maji matamu kuliko pote katika kisiwa cha Lamu. Wajukuu zake wanaporudi Takwa kuomba mvua, wanarudi pale pale ambapo wazee wao walijifunza, kwa gharama ya mji mzima, kwamba maji yakiharibika hayangojei mtu atengeneze.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya ukame wa 2020 hadi 2022, ambao athari zake bado hazijaisha. Mvua zilikatika misimu mitano mfululizo. Mwezi wa Septemba 2021 Serikali ilitangaza ukame ule kuwa janga la taifa. Aghalabu tulipouzungumza tulizungumza habari za Wajir, Marsabit na Turkana, na mizoga ya ng'ombe kando ya njia. Lakini katika orodha ya wilaya kame na nusu kame za nchi hii, ambazo leo ni kaunti 23, zimo Lamu, Tana River, Kilifi, Kwale na Taita Taveta. Yaani ukiiondoa Mombasa, Pwani nzima imo. Sisi tunaoamka tukaiona bahari kila asubuhi tunasahau kwamba tunakaa nchi kavu.

Kisha mvua zikaja kwa kishindo. Mwisho wa mwaka 2023 zilikuwa El Nino, na Aprili na Mei 2024 mafuriko mengine, Mto Tana ukafurika na watu wakahamishwa. Wengi wakasema: "Alhamdulillahi, ukame umekwisha." Mimi nasema hapo ndipo pa kuuliza swali. Maji yote yale yalikwenda wapi, na tulizuia kiasi gani?

CHUMVI CHINI, TAMU JUU

Ili kujibu, hatuna budi kuelewa kwanza jinsi mchanga wa Shela unavyofanya kazi, maana wengi huuona kama pambo la watalii au pahala pa vijana kuteleza.

Mvua ikinyesha juu ya udongo mgumu, hutiririka ikaenda zake baharini. Ikinyesha juu ya mchanga, mchanga huinywa kama mkate wa mofa unavyonywa mchuzi. Haitiririki, na ikishazama kidogo jua haliwezi tena kuifikia. Hushuka polepole, ikichujwa njiani, mpaka ikutane na maji ya bahari ambayo nayo yamepenya chini ya kisiwa. Hapo hayachanganyiki upesi kama mtu anavyodhani. Maji matamu ni mepesi, ya chumvi ni mazito. Matamu hukaa juu ya yale ya chumvi kama mafuta yanavyokaa juu ya mchuzi.

Zaidi ya miaka 100 iliyopita, Mholanzi mmoja na Mjerumani mmoja, kila mtu kwa upande wake, waliipigia hesabu hali hii. Waliona kwamba penye maji matamu yaliyoinuka mita 1 juu ya usawa wa bahari, chini yake pana kiasi cha mita 40 za maji matamu mengine. Hiyo ni habari ya furaha. Habari ya huzuni ni kwamba hesabu hiyo hufanya kazi kinyume vile vile. Ukiyateka maji mpaka yashuke sentimita 10 tu, chumvi iliyo chini nayo hupanda, kidogo kidogo, kuelekea mita 4. Mtu aliye juu na ndoo yake haoni kitu. Kamba ya kisima ni ile ile, maji ni yale yale. Kisha siku moja chai inakuwa na ladha, na mama wa nyumba anadhani ni sufuria.

Na chumvi ikishaingia kisimani, mvua moja haiiondoi. Yataka miaka ya mvua nzuri na mkono mwepesi wa kuteka. Watu wa Takwa hawakuwa na miaka hiyo ya kungojea.

Maji ya mfereji yanayofika nyumba za mji wa Lamu hutoka kwenye visima vilivyochimbwa huko Shela. Mji ambao mwaka 2001 uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia, na milango yake ya nakshi, na misikiti yake, na Maulidi yake yanayokusanya watu kutoka pembe zote, unakunywa kutoka kwenye mchanga ule. Visima vya ndani ya mji viko, lakini mji umesongamana, na mashimo ya vyoo yamekuwa karibu mno na visima hata maji hayo watu huyaogopa kuyanywa bila ya kuyachemsha.

Juu ya mchanga huo huo, karibu na mwaka 1812, watu wa Lamu walipigana na majeshi ya Pate na Mazrui, na kwa miaka mingi baadaye upepo ulikuwa ukifunua mifupa ya waliokufa. Siku hizi vita vya mchanga ule ni vya karatasi. Serikali imevitenga vilima hivyo kuwa chanzo cha maji, pasijengwe. Pamoja na hivyo, habari za watu kujipatia viwanja ndani yake huzuka, zikapoa, zikazuka tena. Wakazi hulalamika, wakubwa huja wakatazama, na huyo aliyekuwa na kiwanja huwa bado anacho.

Nataka niwe mwadilifu. Kijana wa Shela anayetaka kujenga na kuoa hana pa kwenda. Ardhi imepanda bei kwa ajili ya wageni mpaka mwenyeji hawezi kuikaribia. Na nyumba za wageni huleta kazi kwa maseremala, wapishi na manahodha. Siwezi kuwaambia watu wafe njaa ili mchanga upumzike. Lakini hesabu ni hesabu. Bwawa la kuogelea la mita 10 kwa 4, lenye kina cha mita moja na nusu, humeza lita 60,000. Hiyo ni mitungi 3,000 ya lita 20, kabla ya jua kuyakausha na kuongezwa mengine. Na nyumba ikishajengwa juu ya kilima, shimo la choo lake huwa juu ya kisima cha mji mzima. Mchanga hauchagui; hunywa mvua na hunywa na hayo mengine.

MAJABIA YA PATE

Ukiondoka Lamu kwa chombo ukaelekea kaskazini, kwenda Pate, Faza na Kizingitini, hadi Ndau na Kiwayu, hali inakuwa nyingine. Huko visima vingi vina chumvi tangu zamani, na watu waliishi kwa kuikamata mvua yenyewe. Chombo chao ni jabia.

Kwa msomaji wa Mombasa asiyelijua, jabia ni sakafu pana iliyopigwa chokaa, imezungushiwa ukuta mfupi ili mbuzi na punda wasipite, na imeinamishwa kidogo kuelekea upande wenye birika kubwa lililochimbwa ardhini na kufunikwa. Mvua inaponyesha, sakafu yote inakuwa kama kiganja, na maji yote huingia birikani. Tone la milimita 1 juu ya mita mraba 1 ni lita 1 kamili. Jabia la mita 20 kwa 20 hupokea lita 400 kwa kila milimita, na mvua moja nzuri ya masika ya milimita 40 huleta lita 16,000, yaani mitungi 800. Wazee wetu hawakuwa na kipimo cha milimita, lakini jabia walilijenga kwa kadiri ya midomo ya mtaa.

Fikra hiyo hiyo waliiweka na majumbani. Nyumba ya mawe ya Lamu ina birika lake chooni, na ndani ya birika hufugwa visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Maji hayachotwi kwa bomba bali kwa kata, na kata ina mwisho wake. Mvua ya darini haikuachwa ipotee. Ilishushwa kwa mlizamu. Mtoto aliyekulia katika nyumba kama hiyo alijua, bila ya kufundishwa darasani, kwamba maji yana hesabu.

Lakini jambo kubwa katika jabia halikuwa chokaa. Lilikuwa ni desturi. Kabla ya masika jabia lilifagiwa, nyufa zikazibwa, na kila nyumba ikatoa mtu au ikatoa kitu. Mvua ya kwanza iliachwa ioshe sakafu, isiingizwe birikani. Palikuwa na mtu wa kusema leo tunachota mitungi miwili kwa nyumba, kesho mmoja, na watu wakamsikia. Mji ulioweza kufanya hayo ulikuwa na serikali yake ya maji, hata kama haukuiita hivyo.

Nilizungumza na mzee mmoja wa kisiwa cha Pate, tumekaa barazani baada ya sala ya alasiri. Nilimuuliza kwa nini jabia la mtaa wao lina nyufa.

"Mwanangu," akaniambia, "mfereji ulipokuja tulisema Alhamdulillahi, tukaliata jabia. Sasa mfereji hauna mai, na walojua kupiga chokaa wamekufa."

"Na vijana, ami?"

"Vijana wangoja mradi."

Neno hilo "mradi" limenikaa moyoni. Sisemi kwamba miradi ni mibaya. Huko Kiunga, karibu na mpaka wa Somalia, tangu 2018 upo mtambo unaotumia nguvu za jua kuondoa chumvi katika maji, na aliyekuwa akinywa maji ya chumvi kisha akaonja yale hawezi kuusema vibaya. Lakini mtambo una utando unaochakaa na pampu inayoharibika, na fundi wake haishi kijijini. Jabia likipasuka, dawa yake ni chokaa, na chokaa hutoka kwenye matumbawe yaliyo chini ya miguu yetu. Kijiji chenye mtambo na jabia kina njia mbili. Kijiji kilichopata mtambo kikatupa jabia bado kina njia moja tu, na njia hiyo funguo yake iko kwa mwingine.

Msomaji wa Mombasa asicheke. Mji wetu huu unakunywa maji ya Mzima, yanayosafiri kiasi cha kilomita 220 kutoka Tsavo kwa bomba lililokamilika mwaka 1957, na maji ya Baricho yanayotoka kwenye mchanga wa Mto Sabaki, na ya Marere huko milima ya Shimba, na ya visima vya Tiwi. Yote hayo hutoka kwa watu wengine, ambao nao wana kiu. Bomba likipasuka, au umeme wa pampu ukikatwa kwa deni, mikokoteni ya mitungi hutanda mitaani na bei hupanda kabla ya adhuhuri. Na anayelipa bei hiyo ni yule yule asiye na tangi darini.

NDOO YA UDHU

Nikaona si haki kuwasema wengine nisijitazame. Siku moja nilitia ndoo chini ya bomba la msikiti wa mtaani kwetu, nikatawadha kama ninavyotawadha siku zote, bila ya haraka na bila ya kufunga bomba. Nilipomaliza nikayapima maji. Yalikuwa lita 6 na ushei.

Yajulikana katika hadithi sahihi kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa mudi moja, nayo ni kiasi cha viganja viwili vya mtu wa wastani vikijaa; kwa vipimo vya leo haifiki lita 1. Mimi, kwa udhu mmoja, nilikuwa nimetumia mara nane au tisa ya hiyo. Na hapo najiona mtu wa kiasi.

Ukichukua waumini 200 wanaotawadha kama mimi, kwa sala moja ni lita 1,200; kwa sala tano ni lita 6,000. Sasa inua macho utazame juu. Paa la msikiti la mita mraba 300, mvua ikinyesha milimita 20, hushusha lita 6,000 zile zile, udhu wa siku nzima, na kwa mudi udhu wa zaidi ya wiki. Misikiti yetu mingi mvua hiyo huimwaga barabarani kwa mabomba ya paa, ikatengeneza dimbwi mlangoni, nasi tukaliruka dimbwi tukaingia ndani kulalamika kwamba bomba halitoi maji. Kamati hukusanya sadaka ya zulia jipya. Sijasikia kamati iliyokusanya sadaka ya tangi la mvua, ingawa huenda ziko, na zikiwako nitafurahi kuzisikia.

Katika mapokeo yetu maji yana cheo kikubwa kuliko zulia. Sayyidna Uthman bin Affan alikinunua kisima cha Ruma pale Madina, ambacho mwenyewe alikuwa akiwauzia watu, akakifanya sabili kwa kila mwenye kiu. Visima vingi vya misikiti ya Pwani vilichimbwa kwa nia hiyo hiyo, wakfu wa mtu aliyekwisha kufa asiyejulikana hata jina, na jirani asiye Mwislamu alichota humo bila ya kuulizwa. Wakfu una sifa moja ambayo mradi hauna. Hauna mwaka wa kumalizika. Aliyeuweka hakuuliza serikali ipi itakuwapo.

Sisemi vilima vya Shela viandikwe wakfu kisheria; hilo ni la makadhi na mawakili, na ardhi ile imo chini ya sheria nyingine. Nasema tuitazame kwa jicho hilo. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, imempa kila mtu haki ya maji safi ya kutosha, na tangu 2013 kazi ya kuyafikisha imekuwa ya serikali za kaunti. Haki hiyo katika mji wa Lamu haimo ndani ya bomba. Imo katika mchanga ulio juu ya visima. Anayekigawa kiwanja kimoja kule anaigawa haki ya watu wote wa mji, na angefanya hivyo kwa kisima cha msikiti tungejua la kumwambia.

Mashahidi wa jambo hili si Takwa peke yake. Gede, karibu na Malindi, ulikuwa mji mkubwa wenye visima vingi, nao uliachwa katika karne ya 17. Mtaalamu James Kirkman, aliyeanza kufukua huko mwaka 1948, aliona kwamba kisima kilicho mbele ya msikiti mkuu kilikuwa kimechimbwa tena kuongezwa kina. Ziko na sababu nyingine za kuhamwa kwa Gede, na wataalamu hawajaafikiana. Lakini kisima kile bado kipo, na anayetaka anaweza kuinama akakitazama: watu waliyafuata maji chini, na chini zaidi, kisha wakaondoka.

Siku niliyoondoka Pate ilikuwa wiki chache kabla ya masika. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa bahari kuu, na manahodha walikuwa wakizungumza habari za kusi. Nilipita tena kwenye lile jabia. Ndani ya ukuta majani ya mwarobaini yalikuwa yamejaa, na kuku wawili wakichakura. Yule mzee alikuwa amesimama kwenye ukuta akiwa na ufagio wa makuti mkononi, akiwangojea wajukuu zake watoke madrasa.